Bei Hupanda na Kushuka, Amana Haishuki

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, maswali yanayoletwa katika darsa yetu siku hizi ni mengi yanayohusu kuuza na kununua nyumba. Hili si jambo dogo. Mtu akikosea katika kununua gunia la mchele hula hasara ya mwezi mmoja, lakini akikosea katika nyumba hula hasara ya umri wake na ya watoto wake baada yake. Kwa hivyo tumeona yapasa tulieleze jambo hili kwa dini yake na kwa dunia yake, kwani mambo mawili haya hayaachani.

Kila mwenye macho aona ya kuwa soko la nyumba katika mji wetu wa Mombasa limegeuka. Nyumba za chini za Tudor, Kizingo na Nyali zavunjwa, na mahali pake pasimamishwa maghorofa. Reli mpya ilifunguliwa mwaka 2017, kisha makontena yakaamrishwa kupelekwa Nairobi, na riziki za watu wengi wa bandarini zikapungua, mpaka amri hiyo ilipoondolewa mwaka 2022. Mwezi wa Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha kiwango chake kikafika 13%, na tangu Agosti mwaka huo ikaanza kukishusha hatua kwa hatua. Mambo kama haya hupandisha bei mtaa huu na kuishusha mtaa ule. Basi aliyenunua nyumba miaka ishirini nyuma hajui leo yafaa kuuzwa kwa kiasi gani, na dalali anayezunguka kutwa ajua. Hapa ndipo mtihani ulipo.

Kwanza tufahamu ya kuwa kupanda na kushuka kwa bei si dhambi ya mtu. Bei zilipopanda Madina, watu walimwendea Mtume s.a.w. wakamtaka awawekee bei, naye akakataa. Aliwafahamisha ya kuwa Mwenyezi Mungu ndiye anayekunjua na kukunja riziki, na kwamba yeye ataka kukutana na Mola wake hali hapana mtu anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Basi muuzaji hana lawama akiuza kwa bei ya juu katika soko la juu, wala mnunuzi hana lawama akipata rahisi soko lilipolala.

Lakini Mtume huyo huyo aliyekataa kuweka bei alikataza watu kutoka nje ya mji kwenda kuilaki misafara na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni wakaijua bei. Na aliyenunuliwa hivyo, akifika sokoni akaona amepunjwa, amepewa hiari ya kuuvunja uuzaji. Tazameni hekima yake! Bei imeachwa huru, bali ujinga wa mtu kuhusu bei haukuachwa uwe mawindo.

Na leo misafara haiji kwa ngamia. Msafara wa leo ni mjane aliyekaa nyumba moja tangu kuolewa kwake, au mzee mwenye deni la hospitali, au kijana aliyeko ughaibuni aliyerithi nyumba asiyoiona kwa miaka mingi. Wajanja huwaendea hawa milangoni, wakawaambia, “Soko limekufa, chukua hizi kabla hazijapungua,” nao wajua ya kuwa kiwanja kile kimekwisha kupata mtu wa kukijengea ghorofa. Kufanya hivi ndiko kuulaki msafara, hata kama aliyefanya amevaa kanzu nyeupe na kusali safu ya mbele.

Huenda mtu akasema, “Biashara ni biashara. Kila mtu ana macho yake, na muuzaji ameridhika kwa ulimi wake.” Twamjibu kwa kisa cha sahaba Jarir bin Abdullah. Mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu mia tatu, na mwenye farasi ameridhika. Jarir alipomwona farasi, alimwambia mwenyewe ya kuwa farasi wake ni bora kuliko bei hiyo, akawa ampandishia bei mara baada ya mara hata akamlipa mia nane. Alipoulizwa, alisema ya kuwa alimpa Mtume ahadi ya kumnasihi kila Mwislamu. Huyo alikuwa mnunuzi, na aliyempandishia bei ni yeye mwenyewe!

Na upande wa muuzaji tunacho kisa cha Abu Rafi'. Alikuwa na vyumba viwili ndani ya ua wa Sa'd bin Abi Waqqas, naye amekwisha kupewa dinari mia tano na mtu mwingine. Sa'd hakutaka kuzidisha dirhamu elfu nne, tena kwa mafungu. Abu Rafi' akamwachia Sa'd kwa bei ile ya chini, kwa kuwa alimsikia Mtume s.a.w. akisema ya kuwa jirani ana haki zaidi kwa ukaribu wake. Ni kweli katika madhehebu yetu ya Shafi haki ya shufaa ni ya mshirika katika mali isiyogawanywa, si ya kila jirani. Lakini hapana madhehebu yanayomkataza mtu kugonga mlango wa jirani na kumwambia, “Nauza, je, waitaka?” kabla ya kuiuza nyumba kwa mtu asiyejulikana mtaani.

Hatusemi kila mtu alazimishwe kufanya kama Jarir na Abu Rafi'. Twasema kwamba kuijua bei ni amana, na anayeijua asijifiche nyuma ya asiyeijua.

Sasa tuingie katika nasaha, na twaanza na muuzaji.

Usiuze kabla ya kuijua bei. Bei wanayoitaja watu midomoni si bei. Bei ni ile iliyolipwa. Ulizia nyumba tatu za mtaa wako zilizouzwa karibuni ziliuzwa kwa kiasi gani, kisha mwite mthamini aliyesajiliwa. Ujira wake ni mdogo kuliko utakachopoteza kwa kukisia. Na ukiambiwa ya kuwa soko limeshuka, nawe hukulazimika, ngoja. Ukilazimika, uza kwa bei ya leo wala usiililie bei ya mwaka juzi. Wengi waliikataa bei ya haki kwa kujivuna, wakaja wakaipokea ndogo kuliko ile kwa kudaiwa.

Eleza aibu za nyumba yako. Mtume s.a.w. alitia mkono katika chungu ya nafaka akakuta majimaji chini, akamkemea mwenyewe kwa kuyaficha. Rangi mpya juu ya ukuta ulioliwa na chumvi ni nafaka kavu juu ya nafaka ya majimaji. Kisima kilichoingia maji ya bahari, shimo la choo la shirika, mpaka unaogombaniwa, kodi isiyolipwa: yote haya yatajwe kabla ya kupeana mikono.

Usiuze kisicho chako. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hata kama karatasi zake zimepotea na wajukuu wa aliyeiweka wameona njaa. Na nyumba ya marehemu ni ya warithi wote. Qurani imempa mwanamke fungu lake katika kilichoachwa, kiwe kichache au kingi. Ndugu mume anayeuza nyumba ya baba kisha akamtupia dada yake kitu kidogo na kusema, “Wewe una mumeo,” huyo amekula haki ya dada yake. Warithi na mafungu yao yathibitishwe kwanza, ya Kadhi kwa Kadhi na ya Msajili kwa Msajili, ndipo mnunuzi atafutwe. Na mmoja wao akitaka kuuza fungu lake, washirika wake ndio wa kwanza kuulizwa.

Usiandike bei mbili, moja ya kweli na moja ya karatasi. Tangu tarehe 1 Januari 2023 kodi ya faida ya kuuza mali ni 15%, nayo kabla yake ilikuwa 5%. Na mnunuzi hulipa ushuru wa stempu wa 4% mjini na 2% nje ya mji. Kwa sababu hiyo watu hukubaliana kuandika nusu ya bei. Huo ni uwongo ulioshuhudiwa na watu wawili, na zaidi ya dhambi yake una hasara: uuzaji ukivunjika mahakamani, mnunuzi atarudishiwa ile iliyoandikwa.

Na fedha ya nyumba usiitawanye. Imepokewa katika mkusanyo wa Ibn Majah ya kuwa anayeuza nyumba au ardhi asiitie thamani yake katika mfano wake, haelekei kubarikiwa. Tumeona nyumba zilizojengwa kwa miaka kumi zikaliwa kwa miezi sita katika arusi na magari.

Ama wewe mnunuzi, usinunue mbuzi ndani ya gunia. Nenda mwenyewe, au mpeleke wakili wako, mkalitazame daftari la ardhi: jina la mwenyewe ni nani, je, pana rehani ya benki, je, pana zuio la mahakama? Taka hati za kuonyesha ya kuwa kodi za kaunti na za ardhi zimelipwa. Kisha waulize majirani, kwani majirani wanayo habari isiyoandikwa katika daftari lolote.

Jihadhari zaidi na nyumba bila ardhi, nazo ni nyingi Majengo, Kisauni na Likoni. Tangu viwanja vya pwani vilipoandikishwa kwa Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, wengi wamekuwa wakijenga juu ya kiwanja cha mwingine kwa kulipa kodi ya kiwanja. Anayenunua nyumba kama hiyo amenunua kuta na paa tu. Basi usilipe mpaka umekutana na mwenye ardhi, ukajua kodi ni kiasi gani, malimbikizo ni kiasi gani, na kwamba akubali wewe uwe mpangaji wake kwa maandishi.

Katika rubuni, ambayo kwa desturi ni 10% ya bei, fahamu ya kuwa Maimamu Abu Hanifa, Malik na Shafi hawakuruhusu muuzaji aile mnunuzi akirudi nyuma, naye Imam Ahmad aliruhusu kwa sababu ya nyumba iliyonunuliwa Makka kwa ajili ya Sayyidna Umar. Khitilafu ipo, kwa hivyo jambo hili liandikwe tangu mwanzo. Na muuzaji asiyepata hasara yoyote, twaona yampasa airudishe.

Ukikosa fedha taslimu, usikimbilie riba. Tangu mwaka 2008 zimekuwako nchini benki zinazojitangaza kwa sharia, na moja ya njia zake ni ushirika unaopungua: benki na mteja hununua pamoja, na mteja hulipa kodi ya fungu la benki huku akilinunua kidogo kidogo. Lakini usitosheke na jina la Kiarabu. Uliza: nyumba ikiungua, hasara ya fungu la benki ni ya nani? Jibu lake litakujulisha kama ni ushirika au ni deni lililovishwa kilemba.

Nawe dalali, ujira wako ni halali ukiwa wazi. Kuleta mnunuzi wa uwongo azidishe bei ili mwingine aharakishe ndiko kupandishiana bei alikokukataza Mtume s.a.w. kwa jina lake. Kuchukua ujira wa pande mbili kwa siri ni khiyana. Na sheria ya Kenya yataka dalali wa nyumba awe amesajiliwa. Basi atakayekutumia ana haki ya kukuuliza.

Neno la mwisho ni kuandika. Aya iliyo ndefu kupita zote katika Qurani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandika madeni na kushuhudisha. Na Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3(3), yataka mapatano ya ardhi yaandikwe, yatiwe saini na pande zote, na kila saini ishuhudiwe. La ajabu ni kuwa sisi tuliofundishwa kuandika kabla ya watu wengine ndio tunaosema, “Sisi ni ndugu, ya nini karatasi?” Udugu mwingi umekufa kwa kukosa karatasi moja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi, ndugu zetu, soko litageuka tena, kwani hiyo ndiyo tabia yake. Nyumba aliyodhulumiwa mjane itapanda bei na itashuka, na aliyeidhulumu atakufa aiache. Kisichogeuka ni hesabu, na Mtume s.a.w. ametuonya ya kuwa anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni kwa ardhi saba.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu, atutosheleze kwa halali yake, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaosema kweli wauzapo na wanunuapo. Amin.