Jasho na Haki Yake

Huulizwa mara nyingi kama mtu astahili kupata sawasawa na jasho lake. Wanaojibu upesi husema ndiyo, na wengi wao ni watu ambao jasho lao limekwisha kulipwa. Nataka, msomaji, ulitazame swali hili mahali ambapo jasho huonekana kwa macho, yaani katika mwili wa mwanamichezo wa traiathloni, ambaye huogelea, kisha hupanda baiskeli, kisha hukimbia, bila ya kupumzika katikati. Katika shindano kubwa lililoanzishwa Hawaii, Marekani, mwaka 1978, mwendo huo ni kilomita 3.8 majini, 180 juu ya baiskeli, na 42.2 kwa miguu. Mwaka ule wa kwanza walianza watu 15, wakafika 12.

Hapana aliyezaliwa na mwili wa kazi hiyo. Mwili huo hufanywa. Damu ndiyo hutangulia: katika siku chache za mazoezi maji yake huongezeka. Miezi ikipita, chumba cha kushoto cha moyo hupanuka, hata pigo moja likatoa damu nyingi kuliko zamani. Moyo wa mtu wa kawaida aliyepumzika hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika. Wa mwanamichezo huyu waweza kupiga 45 tu asipungukiwe na kitu. Ndani ya misuli huzidi mishipa midogo kuliko nywele, tena huzidi vile vinu vidogo vichomavyo chakula kwa oksijeni, na msuli huzoea kutumia mafuta ya mwili ili sukari ibakie kwa saa za mwisho. (Kuogelea kuna sheria yake peke yake, maana maji hayamheshimu mwenye nguvu asiyejua kulala juu yake.)

Mali hii haiwekwi benki. Mwaka 1966, huko Dallas, vijana watano wa miaka 20 walilazwa kitandani majuma matatu, na uwezo wao wa kutumia oksijeni ukapungua kwa zaidi ya robo. Walipopimwa tena baada ya miaka 30, ilionekana kwamba majuma yale matatu yaliwapunguzia nguvu kuliko miaka yote 30 ya kuzeeka.

Mpaka hapa jasho na malipo ni ndugu: ukitoa hupata, ukiacha hupoteza. Lakini katika miaka ya 1990 wataalamu wa Marekani na Kanada walichukua mamia ya watu wasiokuwa na desturi ya mazoezi, wakawaendesha juu ya baiskeli za chumbani kwa majuma 20, kwa utaratibu mmoja. Wastani wa uwezo wao uliongezeka, lakini wastani ulificha jambo. Wengine walipata nyongeza kubwa, wengine karibu hawakupata kitu, na tofauti hiyo ilifuata sana jamaa za watu. Basi wawili walitoka jasho lile lile, mmoja akalipwa, mwenziwe akanyimwa. Nani aliyemdhulumu? Huwezi kumtaja.

Wako watakaosema kwamba, ikiwa ni hivyo, tuzo zote ni uongo, kwani mshindi apewa sifa kwa moyo aliorithi. Siwafuati. Mark Allen wa Marekani alishindwa Hawaii mara nyingi tangu 1982. Katika miaka hiyo alijizoeza kukimbia polepole kwa miezi mingi, akiuchunga moyo wake usipige kupita mpaka aliojiwekea, hata mwaka 1989 akamshinda Dave Scott, bingwa wa mara sita, kwa sekunde 58 baada ya saa zaidi ya nane. Kipawa alikuwa nacho, lakini kipawa hakikumpa subira ile. Tuzo hupima nani aliyefika mbele, wala haiwezi kupima zaidi ya hapo. Kosa huanza tunapoichukua kuwa kipimo cha mtu mzima, tukamwambia wa nyuma kwamba hakujitahidi.

Mwezi wa Februari 1982 mwanafunzi mmoja wa chuo, Julie Moss, aliingia shindano hilo kwa ajili ya utafiti wa masomo yake. Aliongoza wanawake wote hata karibu na mstari wa mwisho, ndipo miguu ikamkataa. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, akatambaa. Sikushauri uuendeshe mwili wako hadi hapo. Katika mita za mwisho Kathleen McCartney alimpita, akashinda kwa sekunde 29. Tuzo ilikwenda kwa McCartney, nayo ilikwenda kwa haki. Wala sidhani kwamba waliomshangilia Moss akitambaa walimnyang'anya mwenziwe kitu.