Dunia Ni Pana Kuliko NBA

Muulize kijana yeyote anayedunda mpira wa kikapu hapa Mombasa, kati ya Mji wa Kale na Makadara, anataka kufika wapi. Jibu analo mdomoni: NBA. Sina ugomvi na ndoto hiyo. Ugomvi wangu ni na hesabu. Ligi ile ina timu 30, na kila timu ina nafasi 15 za mikataba ya kawaida. Jumlisha: watu 450, dunia nzima. Vyuo vya Marekani vinatoa wachezaji kwa maelfu kila mwaka, na wanaoitwa majina usiku wa uteuzi hawazidi 60. Wamarekani wenyewe, waliolelewa na ringi juu ya mlango wa gereji, wanaachwa nje.

Je, wanarudi nyumbani kulala? Thubutu! Wanafunga mabegi. Fowadi aliyekuwa nyota wa chuo chake huko Ohio anashuka kwenye ndege Uturuki, Ufilipino, Israeli, Argentina, na miaka hii ya karibuni hata Kigali na Nairobi. Anapewa nyumba, anapewa mkataba wa msimu mmoja, kisha anaambiwa wazi kwamba klabu inataka pointi na mipira inayorudi, na akizembea analetwa mwingine. Basi anacheza. Mwakani nchi nyingine. Wapo waliokula miaka kumi na zaidi kwa mtindo huo, wakajenga, wakasomesha watoto, na wewe hujawahi kuyasikia majina yao.

Sasa wewe wa Ndia Kuu, unayefanyia mazoezi kwenye saruji inayoumenya mpira, unaona haya kuitamani riziki ambayo Mmarekani anaivukia bahari?

Na sisi tunaye wetu. Tylor Okari Ongwae, fowadi, Mkenya, amezaliwa 1991. Hakutua Duke wala Kentucky, vyuo vyenye majina. Alipokelewa Ranger, chuo cha miaka miwili katika mji mdogo wa Texas wenye watu wasiofika 3,000. Vyuo vya namna hiyo ndio mlango wa uani wa mpira wa Marekani. Huingilia hapo waliokosa alama, waliochelewa kuonekana, waliotoka mbali. Akaupita mlango huo bila kuona aibu, akapanda hadi Chuo Kikuu cha Louisiana kule Monroe, akamaliza. NBA haikumchagua. Akaenda kutafuta kazi: Italia, na baadaye Denmark, katika Bakken Bears ya mji wa Aarhus, klabu yenye mataji mengi kuliko zote nchini humo.

Hebu ifikirie Aarhus, wewe uliyezoea jasho la Februari la kisiwani. Mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Mahamri hakuna, mbaazi hakuna, wala hakuna wa kukuita kwa jina la mtaani. Unaingia ukumbini kweupe, unatoka gizani, unajipikia, unalala. Kesho hivyohivyo. Hapo hakuna picha ya kuwatambia wenzako kwenye simu. Kuna kazi tu.

Tarehe 20 Februari 2021, Yaoundé. Kenya inakutana na Angola, waliokuwa wameshatwaa ubingwa wa Afrika mara 11. Zimebaki sekunde, Angola wako mbele 73 kwa 72. Mpira unamfika Ongwae. Kila aliyemo ukumbini anajua nani atarusha, na beki naye anajua. Anadunda, anatafuta upenyo, anaruka akijitupa nyuma. King'ora kinalia. Mpira unaingia. Kenya 74, Angola 73. Safari hiyohiyo timu ya taifa ikafuzu AfroBasket, michuano ya ubingwa wa Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993, baada ya miaka 28. Watu waliruka sebuleni, wengine wakauliza huyu jamaa ametoka wapi. Alikuwapo siku zote. Mwaka 2019 alikuwa kwenye kikosi kilicholeta nishani ya fedha ya michuano ya AfroCAN kutoka Bamako, na katikati ya hayo yote alikuwa akienda mazoezini kwenye baridi ya watu. Na hata alipovuka miaka 30 hakutundika raba. Mwaka 2025 alikuwamo Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, ile inayoitwa BAL.

Mombasa, maisha hayo yasitushangaze. Sisi ni watu wa kutia saini na kuondoka. Ni ukoo gani wa Mji wa Kale usio na babu au ami aliyewahi kuwa baharia? Alichukua meli kwa mkataba, akapotea miezi, akarudi na redio na vitambaa vya Bombay, akakaa barazani na kahawa yake chungu akingoja meli nyingine. Hakuna aliyemdharau kwa kuwa si nahodha. Aliulizwa kama amerudi salama na kama nyumba imepata paa. Fowadi anayelipwa ughaibuni ni baharia huyohuyo, ila chombo chake kina ringi mbili.

Na bandari yetu leo ina timu yake. KPA, wanaume na wanawake, wanacheza ligi kuu ya Kenya, na kina mama wamekwenda kupimana ubavu na klabu za Afrika nzima. Nyumbani kwao ni ukumbi wa Makande, papa hapa kisiwani. Mwenye nia anafika kwa miguu. Nimechoka kukutana na vijana wanaoweza kunitajia kikosi kizima cha Lakers tangu miaka ya Kobe, ilhali hawajawahi kukaa Makande jioni moja wakaangalia watu wanaolipwa kwa kazi hiyohiyo mbele ya macho yao.

Ukienda, usiutazame mpira. Mtazame fowadi asiye na mpira. Itazame miguu yake akiwa kwenye kona. Magoti yamekunjwa kabla pasi haijatoka, vidole vimefunguka, bega limeshaelekea ringi. Pasi ikija hana la kufikiri, ni kurusha tu. Asipopewa, anakimbilia ndani kugombea unaorudi, kisha anarudi kukaba. Dakika nzima inaweza kupita hajaugusa mpira, na bado ameifaa timu mara tatu. Kocha wa ng'ambo hulipa kitu hicho. Wa chenga za kumlaza mtu chini anao tayari, Wamarekani, tena wengi.

Mtupo wa kona umelisha fowadi wengi Ulaya, na sababu yake inapimika. Katika uwanja wa FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambao ndio utakaochezea karibu popote nje ya Marekani, mstari wa pointi tatu uko mita 6.75 kutoka ringini, lakini kwenye kona ni 6.60. Kopa utepe kwa fundi seremala. Simama chini ya kitovu cha ringi, vuta mita 6.60 moja kwa moja kuelekea mstari wa pembeni, piga alama ya chaki. Hapo ndipo pako. Kabla ya shule, baada ya Alasiri, ukiwa umechoka, ukiwa umekasirika, rusha kutoka hapo. Ukikosa, ukimbilie mwenyewe, urudi, urushe. Usihesabu ulizofunga ukiwa mbichi. Hesabu ulizofunga miguu ikitetemeka, kwa sababu za Yaoundé hurushwa na miguu ya namna hiyo.

Wenzako watakuwa maskani, shavu limejaa muguka, wanabishana nani zaidi, Jordan au LeBron. Waache wamalize. Ubishi huo haujawahi kumpatia mtu tiketi ya ndege.

Utaniuliza urefu. Sitakudanganya, Ongwae amekaribia mita mbili na urefu hautolewi na kocha. Lakini warefu waliokaa bila kazi ni wengi vilevile. Kukaba, kuweka kizuizi mwenzako apite, kujitupa kuokoa mpira unaotoka nje, hayo hayamngoji mtu arefuke, na ndiyo yanayomfanya kocha aulize jina lako.

Kuna na la karatasi, na hapa ndipo watu wa pwani tunapoliwa. Tumewaona wangapi waliokwenda Ghuba kwa neno la mdomo la wakala, wakafika na kukuta kazi nyingine kabisa? Mpira nao una mawakala wake. Mwenye leseni ya FIBA analipwa kutokana na mkataba; anayetaka pesa mkononi kabla hujasaini popote, mlipie chai yake na umalize maneno. Kuhamia klabu ya nchi nyingine kunahitaji barua ya ruhusa ya shirikisho unalotoka, basi usigombane na kila kiongozi kwa jazba. Hakikisha mkataba una kifungu cha kupeleka madai BAT, baraza la usuluhishi la mpira wa kikapu lililoanzishwa 2007 na makao yake Geneva, ili klabu ikikunyima mshahara uwe na pa kushitaki hata kama umeshapanda ndege. Na kabla ya yote hayo, alama zako za KCSE. Chuo cha Marekani, hata kile cha mlango wa uani, kitaziomba kabla ya kuuliza unaruka kiasi gani.

Wapo watakaosema: afadhali kuwa Hasheem Thabeet. Haya, tumzungumze. Mtanzania, mtu wa Dar es Salaam, alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa 2009. Hakuna Mswahili aliyewahi kuitwa mapema kuliko hivyo. Miaka mitano baadaye NBA ilikuwa imekwisha kwake, na midomo ya watu ikamzika. Mimi nusu ninayoiheshimu zaidi ni ile iliyofuata. Alicheza Japani, akacheza Taiwani, akarudi Dar es Salaam, akavaa jezi ya Dar City akiwa mtu mzima wa karibu miaka 40. Aliyewahi kupewa kila kitu akakubali kuanza tena kwenye kumbi ndogo. Wewe ambaye hujapewa chochote una kisingizio gani?

Nimewaacha mabinti mwisho kwa kuwa nao nataka kuzungumza kwa kirefu, pamoja na mama na shangazi zao. Kwa miaka mingi kanuni za FIBA zilikataza vazi la kichwani. Mwaka 2014, katika Michezo ya Asia kule Incheon, wanawake wa Qatar waliambiwa wavue hijabu, wakaona heri kuiacha mechi. Kule Marekani alikuwapo Bilqis Abdul-Qaadir, aliyefunga zaidi ya pointi 3,000 akiwa sekondari Massachusetts na kucheza chuo kikuu na mtandio wake. Alitaka kwenda kucheza kulipwa ng'ambo. Kanuni ikamfungia mlango. Hakunyamaza, akapiga kelele na wenzake, na mwaka 2017 FIBA ikaruhusu. Kwake yeye miaka ya kucheza ilikuwa imeshaliwa. Mlango aliougonga ukafunguka kwa mabinti wa Kibokoni na Kuze, na sioni tukipanga foleni kuupita.

Hatuna tena sheria ya kusingizia. Limebaki letu: kaka anapewa raba, dada anapewa vyombo aoshe. Timu iliyofuzu Yaoundé, ile ya kina Ongwae, iliongozwa na mwanamke, Liz Mills wa Australia, na baadaye mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya wanaume kwenye AfroBasket. Wanaume warefu wa Kenya walimsikiliza, wakashinda. Sisi tunaona tabu kumruhusu msichana acheze saa moja baada ya madrasa.

Mtazameni Madina Okot. Msichana wa Mumias, aliyepitia Kaya Tiwi, shule ya kule kusini mwa Likoni, Kwale. Akaenda Chuo Kikuu cha Zetech, 2024 akavuka hadi Mississippi State, 2025 akahamia South Carolina, moja ya vyuo vikubwa kabisa vya kikapu cha wanawake duniani. Pwani hii hii ilimnoa. Alikimbia kwenye joto hilihili.

Basi binti, Jumamosi hii vaa raba zako, mtandio ufunge vizuri usikusumbue. Mama, mpe ruhusa, na ukiweza fuatana naye. Feri ya Likoni mtembea kwa miguu halipi hata ndururu. Upande wa pili zipo matatu za kuelekea Tiwi. Nendeni mkaulize pale shuleni mazoezi ni saa ngapi, mkae muangalie wasichana wa rika la binti wanavyogombea mpira unaorudi, na kabla ya kuondoka mzungumze na kocha mambo mawili: nafasi, na karo.