Mwalimu, Spika na Chumba cha Futi Kumi

Mwalimu alistaafu akiwa na hamu moja aliyoitunza tangu ujana: apate chumba chake cha kusikilizia muziki wa dansi. Binti yake wa mwisho alipoolewa, chumba kikabaki wazi, na kiinua mgongo kilipotoka akatenga fungu, akapanda daladala kwenda Kariakoo. Nyumba yake iko Tabata, ya matofali ya saruji. Chumba chenyewe ni vile vyumba tunavyovijua sote, futi 10 kwa 10, na dari iko futi 10 juu.

Dukani hakuna aliyemuuliza habari za chumba. Aliulizwa ana shilingi ngapi. Akarudi na spika mbili zinazomfika kifuani, kila moja ina wufa mbili za inchi 12, pamoja na sabufa ya inchi 15 ambayo boksi lake liliandikwa kwa herufi nyekundu: PMPO wati 12,000. Namba hiyo isimpumbaze mtu. PMPO haina kipimo kinachokubalika popote, kila kiwanda hujiandikia kitakacho. Geuza sabufa, soma kibandiko kilicho karibu na waya wa umeme. Ile ya mwalimu ilikuwa inavuta wati 150, na hakuna kifaa kinachoweza kutoa mfululizo nguvu nyingi kuliko inayoingia kwenye soketi. Tafuta wati za RMS. Zisipoandikwa, achana na kitu hicho.

Lakini wati hazikuwa tatizo lake kubwa. Tatizo lilianza alipoweka kiti katikati kabisa ya chumba, sabufa akaisukuma konani kwa kuwa ndiko ilikoenea, kisha akafungulia Mbaraka Mwinshehe. Gitaa la besi karibu halikusikika. Sauti ya mwimbaji nayo ilivimba kana kwamba anaimbia ndani ya pipa. Akaongeza besi. Akaongeza tena. Mkewe akaja mlangoni.

“Baba, huku sebuleni vyombo vinatetemeka kabatini.”

“Vinatetemekaje? Mimi hapa hiyo besi siisikii!”

Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na hapo ndipo ningependa anayejiandaa kununua spika atulie asome taratibu. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde. Katika chumba cha futi 10, yaani mita 3 na kidogo, wimbi lenye urefu maradufu ya huo, mita 6 na kidogo, linaenea sawasawa kati ya kuta mbili: linagonga, linarudi, linajiongezea nguvu. Wimbi hilo ni la hezi 57 hivi. Sasa noti ya A ya gitaa la besi, waya wa tatu ukipigwa wazi, ni hezi 55. Na chumba cha mwalimu kilikuwa na futi 10 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo, kwa hiyo pande zote tatu zilikuwa zinaivuta noti ileile. Chumba ambacho vipimo vyake vimetofautiana kinagawa mzigo huo kwenye noti mbalimbali. Cha mwalimu kiliulundika mahali pamoja.

Wimbi la namna hiyo huwa kali kwenye kuta na konani, katikati ya chumba likafifia kabisa. Mzee wa watu alikuwa ameketi mahali ambapo noti ile ilikuwa haba kuliko popote ndani ya nyumba, na kila alipoongeza besi aliwaongezea wengine. Ukipanda hadi hezi 113 hali inageuka: hapo katikati ndipo panapovuma, na huko ndiko iliko sauti nzito ya mwanamume.

Aliposhauriwa apunguze mwangwi, alitundika mapazia mazito, kisha akabandika trei za mayai ukutani. Trei hizo ningeomba zisiingizwe chumbani kwa mtu yeyote. Zinashika moto upesi, na kwenye besi hazifanyi lolote. Ili sponji inyonye vizuri wimbi la hezi 57, itabidi ikaribie unene wa mita moja na nusu. Alichopoteza mwalimu ni ung'avu wa tarumbeta na matoazi. Muziki ukadumaa, ngurumo ikabaki palepale.

Ushauri mwingi wa mtandaoni nao humponza mtu wa huku. Unatoka Marekani, ambako kuta nyingi za ndani ni fremu za mbao zilizofunikwa mbao za jasi. Huyumba kidogo na kumeza sehemu ya besi. Tofali la saruji haliyumbi, linairudisha karibu yote. Sabufa inayotosha chumba cha aina hiyo kule, hapa inaweza kuwa kubwa mno.

Aliyemwokoa ni kijana fundi redio wa mtaani. Alipofika alimwamkia, akatoa futi kamba kabla hajagusa waya wowote.

“Mwalimu, kwanza tuhamishe kiti. Spika baadaye.”

Kiti kikarudi nyuma mpaka futi 4 hivi kutoka ukutani. Kisha fundi akaibeba sabufa akaiweka pale pa kiti, akapiga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, akatambaa kandokando ya kuta akitega sikio chini. Alikosikia kila noti ikitoka kwa kiasi kimoja, bila moja kumeza nyingine, ndiko sabufa ilikokwenda kukaa: katikati ya ukuta wa mbele.

Hata hivyo, spika ndefu hazikufaa mle. Ziliuzwa kwa hasara pamoja na sabufa yake, zikanunuliwa ndogo za wufa ya inchi 5 zilizowekwa juu ya stendi, na sabufa ya inchi 8 yenye boksi lililozibwa, lisilo na tundu. Mpaka kati ya spika hizo na sabufa ukawekwa hezi 80, kwa sababu chini ya hapo sikio halitambui kirahisi sauti inatokea upande gani. Baadaye ikaongezwa sabufa ya pili ya aina ileile, katikati ya ukuta wa nyuma. Todd Welti wa kampuni ya Harman alionyesha mwaka 2002 kwamba sabufa mbili zinazotazamana hivyo husawazisha besi vizuri kuliko moja: mawimbi yanayokwenda urefu wa chumba hubatilishana, na ya upana hayachochewi.

Kazi ya mwisho ilikuwa kitasa cha sauti cha sabufa. Fundi alikipandisha mpaka sabufa ikaanza kusikika kama kitu cha pembeni, akakirudisha nyuma kidogo, akaacha. Noti ya A ikakaa sawa na wenzake. Vifaa vyote vya mara hii, pamoja na ujira wa fundi, havikufika nusu ya fedha iliyoachwa Kariakoo siku ile ya kwanza, na tofauti iliyopotea ilikuwa imetengwa kwa ajili ya kisima.