Kinyago cha Peter Parker

Hebu tuulizane, vijana wenzangu: anayemficha rafiki siri ili amlinde, anamlinda rafiki kweli au anajilinda mwenyewe?

Namfikiria Peter Parker wa Queens, New York, yule Spider-Man wa vitabu vya katuni, aliyebuniwa na Stan Lee na Steve Ditko mwaka 1962. Yatima, kodi ya chumba inamtoa jasho. Kazi yake? Anajipiga picha akiwa na kinyago, anaziuza kwa gazeti la Daily Bugle, na bosi wa gazeti, Jameson, anazitumia kumtangaza Spider-Man kuwa mhalifu. Yaani jamaa anakula kwa kutukanwa! (Nasi tunaoandika kwa majina ya bandia tusicheke sana.)

Lakini njaa ina dawa. Kisicho na dawa ni Harry Osborn, rafiki aliyepanga naye nyumba moja. Peter alijua kwamba adui yake, Green Goblin, ni Norman, baba yake Harry. Akanyamaza. Norman alipokufa katika toleo la mwaka 1973, Harry alimhesabu Spider-Man kuwa ndiye muuaji. Na alipojua Spider-Man ni nani, wazimu ukampanda.

Peter alihofia ukweli ungemwumiza mwenzake. Ungemwumiza, sikatai. Ila nani alimpa kazi ya kumpimia Harry maumivu yake? Kwa May, mke wa ami yake, bibi mwenye moyo dhaifu, hata mimi ningesita. Kwa Harry, hapana. Ningemwita tukae, nivue kinyago mbele yake, kisha anipe mkono au anipige ngumi, achague mwenyewe.