Elimu ya Bure na Ushuhuda wa Damu

Someni 1 Petro 3:15. Mtume ataka Mkristo asikose neno mbele ya mtu amwulizaye sababu ya matumaini yake.

Zamani mtu akitaka elimu ya chuo kikuu alisafiri mbali na kulipa ada nyingi. Lakini mwaka 2001 chuo cha MIT, huko Marekani, kilitangaza ya kwamba masomo yake yatatolewa bure katika intaneti. Mwaka 2007 chuo cha Yale nacho kikaanza, na miongoni mwa masomo yake ya kwanza lilikuwamo la Agano la Kale. Leo kijana aweza kumsikia profesa huyo naye amekaa migombani kwa babaye. (Vocha ya simu si bure, wazazi wajua.)

Basi kijana arudi kwa mwalimu wake wa dini na swali: Wale waliouawa kwa ajili ya imani, kifo chao chathibitisha nini? Mbona wengine wamefia uongo?

Mwalimu, usimkemee. Asema kweli. Kifo chaonyesha ya kwamba mtu aliamini kwa moyo wote. Hakionyeshi ya kwamba alichoamini ni kweli. Augustino alifundisha zamani ya kuwa si adhabu imfanyayo mtu shahidi, bali sababu yake. Na Paulo, katika 1 Wakorintho 13:3, aona ya kwamba hata mwili waweza kutolewa bila upendo, pasipo faida. Walakini mwambie na neno hili: mtu aweza kufia uongo aliodanganywa na wengine, lakini ni vigumu afie uongo alioutunga mwenyewe. Yakobo mwana wa Zebedayo, aliyeuawa kwa upanga (Matendo 12:2), hakushuhudia habari za kusikia tu.

Tena mweleze habari za Antwerp. Elimu ya Wittenberg ilifika huko kwa vitabu vya Luther na kwa watawa waliosoma kwake. Mkuu wa nyumba ya watawa, Jakob Propst, alikuwa msomi wa Wittenberg; hoja zote alizijua. Lakini alipofungwa Brussels, mwaka 1522, aliogopa moto, akaikana imani mbele ya watu. Hata tarehe 1 Julai 1523 watawa wawili wa nyumba ile, Hendrik Vos na Johannes van Essen, wakachomwa moto sokoni Brussels, kwa kuwa walikataa kukana. Hao ndio wa kwanza kuuawa kwa ajili ya mafundisho ya Luther.

Na Propst je? Alijuta, akahubiri tena, akakamatwa mara ya pili, akatoroka. Mwaka 1524 aliitwa Bremen. Huko alihubiri Injili ile ile miaka mingi, hata uzee wake.