Binti wa aya ya pili

Dominika ya 28 ya Mwaka C husomwa habari ya Naamani, jemadari wa Shamu aliyejichovya mara saba katika Yordani akatakasika ukoma. Somo linaanzia aya ya 14, jemadari ameshafika mtoni. Fungua sura hiyo ya tano ya Kitabu cha Pili cha Wafalme, urudi hadi aya ya 2, utamkuta aliyeachwa nje ya somo: binti mdogo wa Kiisraeli, aliyetekwa vitani akawekwa kumtumikia mke wa Naamani. Ndiye aliyesema kuna nabii Samaria. Kwa neno lake mfalme aliandika barua, fedha na dhahabu zikapakiwa, magari yakaondoka. Jemadari akapona, akaomba hata udongo wa kubebwa na nyumbu wawili arudi nao kwake. Binti hatumsikii tena. Jina lake hatukuambiwa.

Leo angeitwa dada. Wenye mzaha wangemwita beki tatu.

Sisi wa Mbulu na Hanang tunamjua. Mtihani wa darasa la saba ameufanya Septemba. Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 2016, lakini sare na madaftari bado ni juu ya mzazi, na mahindi ya mwaka huu yameshauzwa. Alfajiri moja yuko stendi ya Katesh, au ya Mbulu mjini, na mfuko wake, pembeni ya mwanamke aliyeambiwa amwite shangazi. Basi litapita Babati au Karatu hadi Arusha. Wengine hawasimami mpaka Dar es Salaam. Shangazi atapokea chake kwa mwenye nyumba, kisha atarudi kutafuta mwingine.

Huko ataamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Atalea mtoto akiwa yeye mwenyewe mtoto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu aliye chini ya miaka 14 aajiriwe, na aliyefikisha 14 apewe kazi nyepesi tu, isiyomkosesha shule. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wa kawaida. Ni kidogo, na hicho kidogo nacho mama mwenye nyumba husema, "Nakutunzia." Siku binti akiomba kwenda kwao, kunapotea kitu kabatini.

Kwa miaka mingi nimemhubiri binti wa nyumbani kwa Naamani kama mfano wa mtumishi mwema: alitekwa, na bado akamtakia bwana wake uzima. Ni kweli, na moyo wake unanishinda. Ila nilikuwa nawahubiria mabinti. Mabwana niliwaacha wakae raha kwenye mabenchi yao.

Tena mimi ni dalali. Waamini waliohamia mjini hunipigia: "Padre, nitafutie binti wa huko kwenu, mtulivu, mcha Mungu." Nimeandika barua za utambulisho, nimegonga muhuri wa parokia, nikaona nimesaidia familia mbili kwa mpigo. Mmoja wa mabinti hao alirudi baada ya mwaka na nusu, nauli kapewa na kondakta. Nilipopiga simu kuuliza mshahara wake, niliambiwa yuko kikaoni, nipige baadaye. Baadaye namba haikupatikana. Alipoondoka nilikuwa nimeandika jina lake vizuri kabisa, la ubatizo na la ukoo. Alipokuwa huko sikumpigia hata mara moja.

Juma hili simu nyingine imeingia. Anatakiwa binti kabla ya Noeli, mchapakazi, asiye na simu. Nikauliza: Dominika atakwenda Misa saa ngapi? Akacheka. "Padre, Misa si zipo redioni?" Nikauliza mshahara utapita mkono wa nani. Akasema hayo tutayazungumza akishafika.

Mama wa binti mwenyewe ana paa linalovuja na wadogo wanne, na hapingi. Kaniambia wazi kwamba nikikataa mimi, shangazi wa stendi hatakataa. Atakuja Jumamosi baada ya gulio kuchukua barua. Nimemwomba aje na binti.