Siku ya Tatu Mpe Jembe: Je, Mapumziko ni Haki ya Nani?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na wengi wetu tumeitumia kupambia insha bila kuitafakari. Mimi nililazimika kuitafakari Aprili iliyopita, nikiwa mgeni wa nyanya yangu karibu na Lumino, upande wa Uganda, pamoja na marafiki watatu na baiskeli zetu nne. Swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, ni haki mtu kwenda kupumzika mahali ambapo mwenzake anatokwa jasho? Na kama ni haki, anadaiwa nini?

Safari ilianza kama mzaha bwenini. Mwenzetu mmoja alikuwa ameona picha za watu wa Ulaya wakiendesha baiskeli polepole kati ya mashamba ya mizabibu, wakisimama kila kijiji kuonja divai. Alitaka twende Dodoma, ambako zabibu hulimwa na divai hutengenezwa, lakini nauli ilitushinda. Nikawaambia kwamba ujombani kwangu kuna barabara nzuri ya lami, kuna Ziwa Victoria pale Majanji, na badala ya divai kuna malwa, pombe ya wimbi. Wakakubali.

Tulivuka mpaka Busia tukisukuma baiskeli zetu. Ni katika mpaka huu ambapo, miaka ya 1960, waendesha baiskeli walianza kuvusha watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine, na jina boda boda likazaliwa. Siku hizi wengi wana pikipiki, lakini baiskeli bado zinabeba magunia na mitungi ya maji. Njiani mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa alitutazama, akauliza, "Vijana, mnapeleka wapi baiskeli tupu?" Tulicheka, lakini hatukuwa na jibu. Kwake baiskeli ni chombo cha kazi. Kwetu ilikuwa starehe, na starehe yetu ilipita katika barabara ileile ya jasho lake.

Siku mbili za kwanza zilikuwa tamu. Tuliteremka hadi Majanji, tukala samaki, tukakaa kutazama ziwa. Jioni tuliketi na wazee kuzunguka chungu cha malwa, kila mtu na mrija wake mrefu, huku nyanya akiongeza maji ya moto kila chungu kilipopungua. Pombe hii ina majina mengi katika eneo hili. Ukielekea Tororo, Wateso huiita ajono. Popote inaponywewa hivi, chungu ni kimoja na hakuna anayekunywa peke yake. Marafiki zangu walisema hawajawahi kupumzika namna ile.

Siku ya tatu nyanya aliamka alfajiri, akanipa jembe. Marafiki zangu, kwa adabu, nao wakaomba majembe. Shida ya wimbi ni kwamba ungali mchanga hufanana mno na magugu yake. Kufikia saa nne tulikuwa tumeng'oa sehemu ya mstari mzima wa wimbi na kuacha magugu yamesimama kwa fahari. Nyanya hakukasirika. Alisema tu, "Waache wapumzike, mjukuu wangu. Mimi nitarudia." Nilimtazama akiinama kurekebisha tulichoharibu, na nikafikiria njia ambayo wimbi hupitia hadi kufika kwenye mrija: hupaliliwa, hukatwa suke kwa suke kwa kisu kidogo, husagwa, huchachushwa, hukaangwa juu ya moto, huanikwa, kisha huchanganywa na kimea na kuachwa tena siku kadhaa. Karibu kazi hiyo yote nyumbani kwetu hufanywa na mtu mmoja, mwanamke mwenye umri wa miaka zaidi ya sabini.

Je, deni letu lilikuwa nini? Jibu la kwanza ni pesa. Malwa tuliilipia, na nyanya alifurahia malipo yale. Sidharau jibu hili, kwa maana mgeni asiyelipa ni mzigo. Hata hivyo, pesa ililipia pombe tu. Haikulipia mgongo uliokuwa ukiinama tulipokuwa tumelala.

Jibu la pili ni jembe lenyewe. Mwalimu Julius Nyerere aliitumia methali hii katika makala yake kuhusu Ujamaa ya mwaka 1962, akieleza kwamba mgeni wa zamani aliomba jembe hata kabla hajapewa, kwa kuwa alijua wajibu wake. Lakini mgeni huyo alijua kulima. Sisi tuliligeuza jembe kuwa mchezo mwingine wa likizo, na gharama ya mchezo huo akailipa mwenyeji.

Jibu la tatu nalipata kwa kumpinga mwanafalsafa. Aristotle alifundisha kwamba tunafanya kazi ili tupate wasaa, na kwamba maisha bora hupatikana katika wasaa huo. Nakubaliana naye kuhusu thamani ya mapumziko. Tatizo ni kwamba katika Athens ya wakati wake, wasaa wa raia ulisimama juu ya kazi ya watumwa. Nyanya si mtumwa, wala sisi si mabwana. Lakini nilipomuuliza ni lini mara ya mwisho alikwenda Majanji kutazama ziwa, alishangaa. Yeye huenda kununua dagaa, akarudi. Hata kwenye chungu, wazee wanapopumzika, yeye ndiye anayebeba birika la maji.

Lugha yetu ina neno linalonisaidia hapa. Tunasema kutembelea, na kutoka hapo tunapata kutembeleana: leo kwangu, kesho kwako. Kutalii hakuna kauli kama hiyo. Hatusemi kutaliiana. Kwa maoni yangu, mapumziko yanakuwa haki pale yanapoweza kubeba ile -ana. Kosa letu halikuwa kupumzika. Lilikuwa kupumzika bila kujiuliza ni nani atakayempumzisha aliyetupokea.

Mtu anaweza kupinga kwamba nyanya hakudai chochote. Ni kweli, lakini ukarimu wa mwenyeji haufuti deni la mgeni. Humwachia tu mgeni kazi ya kulitambua.

Kabla ya kuondoka nilimuuliza nyanya angependa nini. Alifikiri kidogo, kisha akasema nirudi Julai, wimbi likikaribia kuvunwa, nimfukuzie ndege shambani. Yeye atavuka mpaka aende Funyula kwa dada yake, ambaye hajamwona muda mrefu.

"Nitakaa siku mbili tu," alisema. "Ya tatu atanipa jembe."